Robertinho: tano za jana zinatosha kumfukuza, au tunapima vitu visivyopimika?

DamuNyekundu – 6 Novemba 2023

Wakuu habari zenu. Naandika hapa, tangu Yanga watufunge sisi Simba 5-1 jana sijalala vizuri, na watani naomba huu uzi mtuachie tuongee mpira, za kutusimanga zipo nyuzi kibao tayari huko juu.

Swali langu, kocha wetu Robertinho abaki au aondoke? Na zaidi ya hapo nataka kujua mtu unapima kwa kipi, maana kila ninayemuuliza anasema atoke, ukimuuliza kwanini anakwambia "tano kaka, hujaziona tano?" Tano nimeziona, nilikuwa jukwaa la mzunguko pale Uwanja wa Mkapa. Lakini tano ni za siku moja, na mimi nikikaa nikatulia nikaanza kuhesabu ya huyu mtu naona kitu kingine kabisa. Kaja Januari akitokea Vipers ya Uganda, timu kaikuta katikati ya msimu, kocha Zoran kashaondoka na Mgunda ndo kaishikilia kwa muda. Kwenye ligi hakuwahi kupoteza mechi hata moja mpaka jana. Msimu huu mechi sita za kwanza kashinda zote, pointi 18. Aprili kampiga Yanga 2-0, Inonga na Kibu. Klabu Bingwa Afrika kaenda mpaka robo fainali na Wydad ya Morocco wametutoa kwa matuta ya penati tu. Agosti kule Mkwakwani kabeba Ngao ya Jamii mbele ya hao hao Yanga. Sasa mtu wa namna hii unamfukuzaje kwa dakika 90?

Halafu kuna kitu nilikiona jana ambacho kwenye hizo hesabu hakipo na ndo kinanisumbua. Mapumziko tumeenda 1-1, Musonda katufunga dakika ya 3, Kibu karudisha ya 9, jukwaa letu lote limesimama tunaimba. Kipindi cha pili kinaanza, kama dakika ya 60 hivi, mchezaji wetu mmoja wa pembeni kapanda na mpira, umekatika, wachezaji wa Yanga wanakuja mbio na yeye anarudi anatembea, mikono kiunoni, akasimama akainama akashika magoti. Nikamgusa jamaa niliyekaa naye nikamwambia tumekwisha. Dakika ya 64 Max, ya 73 Aziz Ki, ya 77 Max tena, ya 87 Pacome penati. Nne ndani ya dakika 23!! Ile sio bahati mbaya, ile timu ilikuwa imekata pumzi.

Je hilo ni kosa la kocha, la wachezaji, au la waliosajili? Naomba mwenye hoja aje na hoja.

Lunyasi_Mbagala – 6 Novemba 2023

Atoke na atoke leo, na sisemi kwa sababu ya tano.

Mkuu hizo mechi sita unazohesabu zimekudanganya, hazijanidanganya mimi. Angalia mechi ambazo tumekutana na watu wenye uwezo wa kutupa shida. Power Dynamos ya Zambia kule Ndola 2-2, na tusingekuwa na Chama siku ile tungerudi tumefungwa. Marudiano Chamazi 1-1, tukavuka kwa goli la ugenini. Al Ahly hapa Mkapa 2-2, Cairo 1-1, tumetoka kwa goli la ugenini. Mechi nne za kimataifa sare nne! Wengi walishangilia kwamba tumewabana Ahly, mimi nikasema jamani mbona hamuangalii zile sare zimepatikanaje. Mkapa tuliongoza 2-1 baada ya Kanoute kufunga dakika ya 60, ya 63 Kahraba kasawazisha, yani uongozi hatukukaa nao hata dakika tano. Cairo tena Kanoute katufungia ya 68, ya 76 Kahraba huyo huyo. Mara mbili tumeongoza mbele ya bingwa wa Afrika na mara mbili timu haijui ifanye nini ikishaongoza. Huo ni mpango wa kocha, sio mguu wa mchezaji.

Na kumbuka Raja Februari walituchapa 3-0 hapa hapa nyumbani chini yake. Jana sio ajali kaka, jana ni deni lililokuwa linakua, Yanga ndo wamekuja kudai.

MwananchiWaBuza – 6 Novemba 2023

Mimi ni Yanga ila mleta mada kauliza kistaarabu nami nitajibu kistaarabu, leo sina haja ya kumuumiza mtu.

Nawapa stori ya kwetu. Kuanzia katikati ya 2020 sisi tulifukuza makocha kama tunapanga foleni. Eymael kaondoka Julai kwa yale maneno yake ya kibaguzi na pale hapakuwa na mjadala, akaja Krmpotic, Oktoba kashatimuliwa na ligi ndo kwanza imeanza, akaja Kaze, Machi 2021 naye chali. Aprili akaja Nabi. Mnakumbuka alianzaje? Julai mlitufunga fainali ya Kombe la FA kule Kigoma, goli la Lwanga. Septemba tukaenda Klabu Bingwa tukakutana na Rivers United ya Nigeria, tukafungwa moja hapa, moja Port Harcourt, tumetolewa mapema kabisa hata hatujaonja. Mimi mwenyewe niliandika kwenye magrupu Nabi aondoke, niliandika kwa hasira na nilikuwa na uhakika kabisa nipo sahihi.

Uongozi ukambakisha. Na hawakumbakisha kwa huruma, walikuwa wanajua kikosi ndo kwanza kimeletwa, Mayele, Aucho, Djuma Shabani, Diarra wote wapya, na mechi na Rivers baadhi yao vibali vilikuwa havijatoka. Wiki hizo hizo Mayele akawafunga nyie kwenye Ngao ya Jamii, na msimu ule wa 2021/22 tukabeba ligi bila kufungwa hata mechi moja. Mwaka huu Juni tumemaliza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika kule Algiers tumeshinda 1-0 na kombe tumelikosa kwa goli la ugenini, kocha ni yule yule niliyemtaka aondoke.

Kwahiyo swali la kujiuliza sio tumefungwa ngapi. Ni je, mnajua kwanini mmefungwa, na hiyo sababu huyu kocha akibaki itaisha au itabaki naye?

KochaMchangani – 6 Novemba 2023

Nafundisha vijana mtaani mwaka wa tisa huu, sina jina na sijifananishi na hao wakubwa, ila kuna mambo nataka niyaweke sawa maana naona watu wanachukua stori ya Nabi wanaigeuza kanuni kwamba kocha akivumiliwa ndo mafanikio. Sio kweli, na ushahidi tunao wenyewe hapa Simba.

2017/18 Omog kafukuzwa Desemba baada ya Green Warriors kututoa FA, Lechantre kaja kamalizia, ubingwa. 2018/19 Aussems, ubingwa na robo fainali Afrika. 2019/20 Aussems kaanza, Novemba kaondolewa, Sven kamalizia, ubingwa. 2020/21 Sven katuvusha kwenda makundi ya Klabu Bingwa kwa kuwapiga Platinum ya Zimbabwe 4-0 na siku hizo hizo akaondoka zake kwenda FAR Rabat, Gomes kaja, ubingwa. Misimu minne mfululizo mataji manne na kocha hakai! Na mwaka 2012 mliosahau nawakumbusha, Mei tuliwapiga Yanga 5-0, kocha Milovan, na mwaka haujaisha Milovan hayupo. Sasa niambie, kipi kilitupa mataji, kubadilisha au kuvumilia? Hakuna kati ya hivyo. Kikosi kilikuwa juu ya wenzake wote na aliyekaa benchi alikuwa anakiendesha tu. Kikosi kilipoanza kuchoka ndo tukaanza kuona makocha wabaya, Gomes aliyetolewa na Jwaneng Galaxy, Pablo, Zoran hata miezi mitatu hakufikisha.

Kwahiyo mimi napima kocha kwa vitu vilivyopo mkononi mwake. Nikienda kuangalia mechi ya wenzangu hata mchangani nakaa nyuma ya goli, nyuma ya goli unaona umbali kati ya beki na kiungo. Nyie mkikaa jukwaani mnafuata mpira. Jana niliangalia kwenye TV ila marudio nimeyaangalia mara tatu mpaka mke wangu kanizimia TV. Kipindi cha kwanza viungo wetu na mabeki walikuwa karibu, Aziz Ki akipokea mpira kageuka anakutana na mtu. Kipindi cha pili lile eneo katikati limekuwa kama barabara ya mwendokasi, anapokea, anageuka, ananyanyua kichwa, anachagua. Mabeki wanarudi nyuma, viungo wapo mbele, hakuna anayeambiwa shuka. Hiki ni cha kocha asilimia mia. Mapumziko ana dakika 15, na ikifika ya 64 ukiwa umefungwa la pili unatakiwa uamue, je naifuata mechi au naifunga nisife. Sisi tuliendelea kucheza kama vile ni 1-1 bado, na timu yenye Max na Pacome ukiifungulia mlango ukiwa umechoka itakuua.

La pumzi nalo ni lake. Na asije mtu na hoja ya ratiba, tulikuwa na wiki nzima kabla ya derby.

Ila kuna vitu sio vyake na hapa Lunyasi nakupinga. Mabeki wetu wa pembeni Kapombe na Tshabalala wanacheza misimu mingapi sasa bila mbadala wa maana? Timu inategemea hao wawili wapande na washuke kila mechi, ligi, FA, Afrika, taifa. Kramo kasajiliwa yupo na majeraha. Miquissone aliyerudi sio yule aliyeondoka. Kipa Manula alikaa nje miezi mingi, na kumrudishia goli mechi ya aina ile ni maamuzi ya kocha nakubali, lakini sasa makipa wengine uliwasajili wa nini kama kwenye mechi kubwa hakuna unayemwamini? Hapo kuna maswali ya kocha na kuna maswali ya wale wa usajili, na ukimfukuza mmoja wa pili anabaki ofisini anasajili tena Januari.

Mimi kura yangu: angepewa mpaka Januari. Lakini sio aachwe tu, aambiwe vitu viwili kwa maandishi, utimamu wa mwili na namna ya kulinda goli tukiongoza, aonyeshe kwenye hatua ya makundi. Akishindwa hapo hata yeye mwenyewe atajua kwanini.

BintiMsimbazi – 6 Novemba 2023

Kocha Mchangani umeongea vizuri kaka yangu ila hilo la Januari halipo. Wiki tatu tu zijazo tunaanza makundi, ukimpa mpaka Januari umeshacheza nusu ya makundi na timu ambayo haimwamini. Nakwambia kama mtu anayejua timu hii kwa kuishi nayo, mimi baba yangu alikuwa ananibeba mabegani kwenda Uwanja wa Uhuru. Wachezaji wakishafungwa tano na mtani wanaangaliana, na wakiangaliana wanatafuta wa kumbebesha, na wa kwanza ni kocha. Sio haki, lakini ndivyo chumba cha kubadilishia nguo kilivyo.

Kwangu mimi swali kubwa ni nani anakuja. Mnasema atoke atoke, je kuna jina mezani? Kama jina lipo na mtu anaweza kufika kabla ya makundi, sawa, aondoke kwa heshima na mkataba wake alipwe chote, maana hatutaki kesho kutwa kusikia mambo ya FIFA na kufungiwa usajili. Kama jina halipo mnamtoa mtu mbaya mnaweka kiti kitupu. Zoran alipoondoka ilichukua muda gani kupata kocha wa kudumu? Septemba mpaka Januari. Bila Mgunda msimu ule tungekuwa tumeshapotea.

Na jambo jingine, wanaomtukana kuhusu uraia wake na familia yake muache. Mtu kafungwa, sio kaua.

DamuNyekundu – 6 Novemba 2023

Nimesoma zote, asanteni sana, hata wewe Mwananchi, hii ndo niliitaka.

Kocha hilo la umbali kati ya viungo na mabeki limenigusa, nimerudi kuangalia goli la Aziz Ki na kweli ukisimamisha picha pale anapopokea, kuanzia kwake mpaka kwenye mabeki wetu hakuna mtu, kabisa, unaweza ukapaki daladala. Nilikuwa nashikilia zile mechi sita kwa sababu pointi 18 ni pointi 18, lakini nikikumbuka hata Mtibwa siku ya kwanza kule Manungu tulishinda 4-2, na Mtibwa kututia mbili tulichekelea tu kwa vile tumeshinda.

Hata hivyo sijafika kwa Lunyasi. Dada kanirudisha nyuma na hilo la nani anakuja. Mpaka sasa hivi nipo kwenye abaki, ila kwa shingo upande.

Lunyasi_Mbagala – 7 Novemba 2023

Imeshaamuliwa wakuu. Klabu imetangaza kuachana na Robertinho na kocha wa viungo pia, yule wa utimamu wa mwili. Makocha Cadena na Matola wanashika timu kwa muda. Sifurahii mtu kupoteza kazi ila lilikuwa lazima.

BintiMsimbazi – 7 Novemba 2023

Kocha wa viungo naye kaondolewa, kumbe la pumzi na wao waliliona. Jina la anayekuja silioni kwenye taarifa. Ndo nilichokuwa nakiogopa.

DamuNyekundu – 29 Mei 2024

Naufufua huu uzi maana jana ligi imeisha na nimekumbuka tuliandika nini hapa.

Tumemaliza wa tatu. Pointi 69 sawa na Azam, wao wametuzidi magoli, wanaenda Klabu Bingwa na sisi Shirikisho. Yanga bingwa tena. Kocha mpya Benchikha alikuja mwishoni mwa Novemba, Aprili kaondoka akasema ni mambo ya familia, siku moja tu baada ya kombe la Muungano kule Zanzibar, na Mgunda kaitwa tena kuzima moto kama mwaka ule.

Nataka niwe mkweli kwa pande zote. Lunyasi, kuna ulichosema kilikuwa sahihi. Timu ya Benchikha pumzi ilikuwa nayo, ile Jwaneng 6-0 Machi mliiona wenyewe, na hata derby ya Aprili tuliyofungwa 2-1, zote mbili zilikuwa kipindi cha kwanza, kipindi cha pili sisi ndo tuliokuwa tunasukuma mpaka Freddy akapata lile moja. Novemba ilikuwa kinyume chake kabisa. Kwahiyo kilichomfukuzisha Robertinho kilirekebishika, na kilirekebishwa. Na bado tumekuwa wa tatu. Mashujaa wametutoa FA kwa matuta, Ahly wametufunga nje ndani robo fainali, 1-0 hapa na 2-0 kwao.

Na Kocha, wewe ulisema mwingine anabaki ofisini anasajili tena Januari. Januari walisajili. Baleke na Phiri wakaondoka, washambuliaji wawili walioanza nao msimu wote wameondoka katikati ya msimu! Benchikha kakabidhiwa washambuliaji wapya, ligi inakimbia, Afrika inakimbia. Ningekuwa mimi namhukumu huyo mtu kwa nafasi ya tatu ningejisikia vibaya.

Ile kura yangu ya "abaki kwa shingo upande" sijui hata leo ningeipiga wapi. Ninachojua ni kwamba kabla hawajamtambulisha mpya mwezi ujao nataka kusikia ataulizwa nini Desemba, na mabeki wa pembeni wapya ni kina nani, kwa majina, kabla yeye hajafika uwanja wa ndege.

Kocha bado upo humu? Mwenye tetesi wanaongea na nani aweke hapa.

KochaMchangani – 29 Mei 2024

Nipo mkuu. Majina yanatajwa mengi, siandiki la uvumi. Ila umesahau kumtaja Mgunda, kachukua timu siku za mwisho na kikosi hicho hicho kilichokatika moyo na kapambana mpaka tumelingana pointi na Azam. Mara ya pili hii anaitwa nyumba ikiungua, na kila ikizimwa anarudishwa alikokuwa. Kabla ya kutafuta wa kupanda ndege, kuna mtu kamuuliza huyu anataka nini?